Usiku wa mashine ya kusaga Ipogolo

Kazi yangu ni kuondoa mvumo. Ndivyo ninavyowajibu watu wakiniuliza fundi mitambo hufanya nini hasa. Iwe harusi, kipaimara au mkutano wa injili, unapanga spika, unanyoosha waya, kisha nusu saa nzima unawinda kile kimlio kinachosema "mmmm" nyuma ya kila kitu. Ukikipata hakuna anayekushukuru, maana hakuna aliyekisikia. Usipokipata, mama wa bwana harusi atakukumbuka kwa hicho tu mpaka anaingia kaburini. Nimeifanya kazi hiyo hapa Iringa kwa miaka tisa, na nilijiona nina masikio.

Mwezi wa sita mwaka juzi walikuja vijana watatu kwenye banda langu Mlandege, wavulana wawili na binti mmoja. Walitaka spika nne, miksa ya kuchanganyia sauti na mtu wa kukaa nayo usiku mmoja. Nikauliza shughuli gani. Binti akasema, "Muziki wa majaribio, kaka." Nikamuuliza majaribio ya nini. Wakatazamana. Mmoja, yule wa gitaa la besi, akasema watu watakuja kusikiliza sauti ambazo kwa kawaida zinafukuzwa. Nikacheka, nikawapa bei ya harusi. Wakashusha mpaka bei ya msiba, nikakubali kwa kuwa Julai haikuwa na kazi nyingi na nilitaka kuona watu wanaolipa kiingilio kusikiliza mvumo wangu.

Mwanzoni walitaka kufanyia juu ya Gangilonga, lile jiwe linaloutazama mji. Jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe liongealo, kwa hiyo wazo halikuwa baya. Ila upepo wa Julai pale juu unang'oa kofia kichwani, na umeme ungetoka wapi? Nikawaambia upepo ukiingia kwenye maiki kinachosikika ni kama mtu anapepeta ungo masikioni mwako. Binti akasema basi twende kwa babu. Babu yake mzaa mama ana mashine ya kusaga na kukoboa Ipogolo, bondeni kwenye barabara kuu, malori ya Zambia yanapopita usiku kucha. Ukumbi wa bati, sakafu ya saruji, ukuta mweupe kwa unga wa miaka. Na umeme wa njia tatu.

Kibali kilituchukua siku mbili. Si kwa ubaya wa mtu. Shida ilikuwa fomu, kwenye mstari unaouliza aina ya burudani. Afisa alitaka kutusaidia kweli.

"Ni singeli?"

"Hapana mkuu, hii ni taratibu zaidi."

"Kwaya?"

"Hapana."

"Kuna kuimba?"

"Kidogo. Kuna mashine."

Akaandika "burudani mchanganyiko" akagonga muhuri. Mpaka leo sijaona maelezo mazuri kuliko hayo. Majirani nao tuliwapitia nyumba kwa nyumba, jioni mbili, tukiwaambia saa tutakayoanza na saa tutakayozima. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga aliuliza kama spika zitaelekea kwake. Tukazigeuza. Nimefanya shughuli za milioni kadhaa bila kuwapitia majirani hata siku moja, na nimewahi kurushiwa mawe juu ya bati. Kitu cha kupiga hodi tu.

Lile swali la singeli lilimkera kidogo yule wa besi, siyo kwa sababu anaidharau. Yeye ndiye aliyenieleza, tukiwa tumekaa juu ya magunia, kwamba mambo haya tusiyaone ya Wazungu. Singeli ya uswahilini Dar es Salaam ilipikwa kwenye kompyuta chakavu kwa kasi ambayo mcheza muziki wa kawaida hawezi kuikanyagia, na lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa mkusanyiko wa studio ya Sisso mwaka 2017, watu wa Ulaya walishangaa kana kwamba imeshuka kutoka mwezini. Kabla yake mchiriku ulikuwa unapigwa kwa vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo mtoto wa tajiri ananunuliwa kwa sikukuu, vikipitishwa kwenye spika hadi vinalia kama vinachunwa ngozi. Kule Kinshasa, kundi la Konono No. 1 liliunganisha likembe, kile kinanda cha vidole gumba, na vinasa sauti walivyovitengeneza wenyewe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Binti akaongeza la kwake: mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kinasa sauti cha waya jijini Cairo, akarekodi wanawake kwenye zari, ngoma ya kupunga pepo, kisha akaichezea ile sauti studioni, akiondoa hiki na kuacha kile mpaka ikawa kitu kingine. Mfaransa Pierre Schaeffer, ambaye vitabu vingi humtaja kama mwanzilishi wa kutunga kwa sauti zilizorekodiwa, alirekodi treni zake mwaka 1948. "Miaka minne baadaye," alisema binti, akinionyesha vidole vinne kana kwamba mimi ndiye Schaeffer.

Siku tatu kabla ya shughuli walikuja kurekodi mashine. Hapa nilitegemea waniombe maiki. Hawakuomba. Binti alitoa mfukoni kisahani cha shaba, upana wa sarafu, kile kinachokaa ndani ya saa za mezani na vitu vya kuchezea vinavyolia pipipi. Alikuwa amekiunga kwa risasi ya kuchomelea kwenye waya wa gitaa. Kitu kile hakisikii hewa. Kinasikia mtetemo wa kile kilichogusana nacho tu. Ukikibandika mezani na mtu akapiga kelele chumbani, husikii kitu, lakini mdudu akitembea juu ya meza unasikia miguu yake. Alikibandika kwa gundi ya karatasi kwenye ubavu wa mashine, karibu na upande wa mkanda, akaacha kinase kutwa nzima watu wakileta madebe yao.

Babu alikaa nje chini ya mparachichi kama kawaida yake. Nilikwenda kumsalimia, nikakaa naye, na nikaona kitu ambacho hakikunigusa vizuri mpaka baadaye. Alikuwa ameipa mashine mgongo. Kijana wake wa kazi alikuwa ndani akimimina mahindi, na mzee kila baada ya muda anapaza sauti bila kugeuka: "Yamekatika hayo!" Kumbe mahindi yakiisha kwenye hopa nyundo zinazunguka bure na mlio unapanda. Mara nyingine: "Ya nani hayo? Hayajakauka!" Mahindi yenye unyevu yanaifanya mota iugue chini. Mama mmoja alipofika na debe la dona, mzee alimwambia, kabla hata hajaona ndani ya debe, kuwa kuna kokoto. Nikamuuliza amejuaje. Akasema ameliweka chini. Yaani alisikia debe lilivyotua.

"Mke wangu huyu," alisema akimwonyesha mjukuu wake kwa kidevu, "anarekodi mashine. Angekuwa anaisikiliza ingemwambia mengi."

Siku yenyewe baridi ilishuka mapema. Ulanzi ulikuwa umeshapita msimu, kwa hiyo palikuwa na chai ya tangawizi, mahindi ya kuchoma na pombe ya komoni kwa wazee wawili waliokuja kulinda usalama wa komoni. Nilihesabu watu 43. Wengi wanafunzi wa vyuo, wachache wa mtaani waliovutwa na mwanga, na dereva mmoja wa lori aliyeegesha gari akidhani ni mkesha.

Wa kwanza alikuwa binti na miksa. Naomba fundi mitambo yeyote anayesoma hapa akae chini. Binti alichukua waya, upande mmoja akachomeka kwenye tundu la kutolea sauti, na upande wa pili akauingiza kwenye tundu la kupokelea la miksa ile ile. Hakuna maiki, hakuna kinanda. Miksa inajisikiliza yenyewe. Ni kosa la kwanza kabisa tunalokatazwa tukianza kazi. Mjapani Toshimaru Nakamura amepiga hivyo kwa miaka mingi na anaheshimika, lakini mimi nilikuwa simjui, nilichojua ni bei ya twita, kile kispika kidogo cha sauti kali. Mlio ulianza kama nzi, ukawa filimbi, kisha akagusa kitasa cha besi kwa ncha ya kidole na filimbi ikavunjika ikawa mapigo, ta-ta-ta, kama pikipiki ya mbali. Anasogeza kitasa upana wa unywele, kila kitu kinabadilika. Dakika ya sita alisogeza upana wa nywele mbili. Twita ya spika ya kushoto ilikata roho. Nilinusa kabla sijasikia.

Hilo lilikuwa kosa langu, siyo lake. Nilikuwa nimeweka kizuia-kilele, kile kinachobana sauti ikizidi, kwa kiwango cha harusi. Mwimbaji wa harusi akipiga yowe, yowe linakatika pumzi zikiisha. Mlio wa miksa inayojizunguka hauna pumzi, unaweza kukaa palepale kwenye sauti moja kali kwa dakika nzima, na koili nyembamba ya twita inapikwa kama yai. Tangu siku ile, mtu akiniambia muziki wake una sauti zinazokaa muda mrefu, nashusha nguvu za juu kwanza, ndipo nauliza jina lake.

Wa besi alifuata na ligombo la babu wa babu yake. Ligombo ni mbao ndefu iliyochimbwa katikati kama kihori, uzi mmoja unaenda na kurudi juu yake mara kadhaa, chini kibuyu cha kukuza sauti. Ni chombo cha Wahehe hasa. Kuna rekodi za Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipopita Tanganyika mwaka 1950, na zimo nyimbo za ligombo. Hili la kwao lilikuwa limetundikwa ukutani bila uzi tangu azaliwe. Alilifunga kwa uzi aliouchambua kutoka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Sitasema lilisikika zuri. Lilisikika kama mlango wa stoo. Lakini wale wazee wawili wa komoni waliweka vikombe chini kwa mara ya kwanza usiku ule, na mmoja akaanza kuimba kitu kwa sauti ya chini, Kihehe cha ndani ambacho hata yule kijana alikiri hakukielewa. Hakuna aliyekuwa amemwalika aimbe. Nilijaribu kumsogezea maiki, akaisukuma kwa mkono kama anafukuza kuku.

Halafu ikaja zamu ya mashine.

Mpango ulikuwa hivi. Kwanza wangepiga ile rekodi ya kutwa, ikipunguzwa mwendo. Ukipunguza mwendo kwa nusu sauti inashuka oktava moja, ukipunguza tena kwa nusu inashuka ya pili. Kisha, mwishoni kabisa, mashine yenyewe ingewashwa na kusaga debe moja la mahindi huku besi ikiifuata. Kijana wa besi alikuwa amejiandaa kwa hilo wiki mbili. Umeme wetu unatetemeka mara 50 kwa sekunde, na mvumo wa vyombo vyake huja kwa 50 na 100. Hesabu hiyo haikai kwenye noti yoyote ya gitaa. Inakaribia G ya chini, freti ya tatu ya uzi mnene, ambayo ni 49. Kwa hiyo programu ya kulinganishia nyuzi kwenye simu yake aliitoa 440, kipimo cha kawaida, akaiweka 449, akakaza kila uzi mpaka gitaa zima likakubaliana na gridi ya taifa. Aliponieleza nilimwona mwendawazimu. Baadaye nilimwazima kalamu anichoree.

Rekodi ikaanza, kwa robo ya mwendo wake. Mvumo wa mota ulizama ukawa mtikisiko, unga ukaanza kudondoka ukutani taratibu kama manyunyu. Mahindi yakimiminwa ilikuwa kama mawe makubwa yanabingirika mtoni. Watu walikaa kimya. Na mle ndani, mbali, kukawa na kitu kingine kidogo: ka, ka, ka, ka, ka. Kama mara tano kwa sekunde. Mimi nilikichukulia kama mapambo.

"Simamisha."

Ilitoka mlangoni. Mzee alikuwa amesimama na koti lake, kofia mkononi.

Binti akasimamisha.

"Rudisha hapo nyuma."

Akarudisha. Ka, ka, ka, ka. Watu wakageuka kumtazama mzee, wengine wakitabasamu, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Alipita katikati yao mpaka kwenye spika nzima, ile ya kulia, akainama, akaweka kiganja juu ya kasha.

"Tena."

Mara tatu. Kisha akanyooka, akaenda kwenye mashine akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, upande wa mkanda.

"Beringi hii imevunjika kikapu," alisema. "Wiki mbili naihisi miguuni, sikuisikia. Haiwashwi."

"Babu, ni dakika nne tu," binti alisema.

"Mke wangu, haiwashwi. Gololi zikitoka humo, shafti itakwenda na nyundo zitatutafuta sisi."

Hapo ikawa zogo. Mwisho wa onyesho umefutwa na mtu ambaye hakulipa kiingilio. Watu 43 wamekaa juu ya magunia, saa tatu na nusu, na besi imefungwa kwa noti ambayo hakuna chombo kingine chumbani kinachoijua. Nikaanza kukunja waya mmoja kwa heshima. Yule wa besi akaja kwangu.

"Kaka, mvumo wako uko wapi?"

Sikuelewa.

"Ule unaouondoa."

Jioni ile tulipofunga mitambo, besi yake ilikuwa imevuma vibaya sana kwa sababu ampea yake, kikuza sauti cha gitaa, na miksa yangu zilikuwa kwenye soketi mbili tofauti, kila moja na njia yake ya ethi, yaani waya wa ardhini, na ethi mbili zikikutana kwenye waya wa sauti zinatengeneza mzunguko unaobeba mvumo. Niliutibu kwa kubonyeza swichi ya kutenganisha ethi kwenye kisanduku cha kuunganishia gitaa. Kidude kidogo, ukubwa wa punje ya hindi. Miaka tisa nimekibonyeza upande mmoja tu.

Nikapiga magoti nyuma ya ampea, nikakirudisha.

Mvumo uliingia chumbani kama mtu anayejua njia. Yule kijana alisubiri muda mrefu kupita kiasi, mimi nikiona aibu kana kwamba nimesimama uchi, kisha akagusa freti ya tatu. Ilikaa juu yake sawasawa. Haikuyumba hata kidogo mwanzoni. Baadaye, kwa kuwa gridi yenyewe haikai 50 kamili, noti mbili zilianza kuachana polepole na kurudiana, wimbi linakuja linaondoka, kila wimbi kama sekunde tatu, na yeye akawa anausogeza uzi kwa kidole kulifuata. Alicheza noti nne tu, dakika kumi na mbili. Nje malori yalikuwa yanashusha gia kwenye mteremko. Dereva wetu wa lori alikuwa amefumba macho, na sikujua kama anasikiliza au amelala. Mzee alibaki amesimama mlangoni mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, vilevile anavyokaa chini ya mparachichi.

Mahesabu hayakuchukua muda. Kiingilio shilingi 3,000, wachache waliingia bure, ukitoa spika, chai na twita yangu tulikuwa chini kwa 18,000. Binti alilipa kidogokidogo kwa miezi miwili. Umeme wa LUKU babu hakuudai, ila alisema anauandika.

Asubuhi nilirudi kuchukua stendi niliyosahau. Mzee na kijana wake walikuwa wameshaifungua mashine. Beringi ilikuwa juu ya gunia, grisi imekauka nyeusi kama masizi, na kile kikapu cha bati kinachozitenga gololi kilikuwa kimekatika pande mbili. Alinimiminia gololi kiganjani. Mbili zilikuwa na madoa kama meno mabovu. Akaniomba nimwambie mjukuu wake amtumie ile sauti kwenye simu, ile ya polepole, sehemu ya "ka ka" peke yake. Anataka kijana wake wa kazi awe anaisikiliza.

Beringi mpya ilifungwa kabla ya saa sita na mashine ikawashwa, foleni ya madebe imeshafika barabarani. Yule wa besi alikuja mbio kutoka mjini kuirekodi tena. Alisimama mlangoni, akaweka sikio ukutani, akakaa hivyo kwa muda.

"Mmeiharibu," alisema.

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akapaza sauti bila kugeuka, "Yamekatika hayo!"